Harufu Niliyomkataza Mwanaharusi

Huyu ninayemwandika ni wifi yangu, Mwanaharusi binti Mwinyijuma, mke wa mdogo wangu Mrisho. Watu wa Bagamoyo wanamjua kwa bizari yake ya mchuzi. Nataka wajue na mengine, na nitayasema mie mwenyewe, kwa sababu nilikuwepo na kwa sababu mkono uliofanya ni wangu.

Hakuwa mtu wa mjini. Kwao Mkange, huko juu njia ya Saadani, wakulima watupu. Aliletwa hapa akiwa na miaka kumi na miwili kulea watoto wa Wahindi waliokuwa na duka la nguo. Mama mwenye nyumba akiitwa Nasrin, na mikono yake ilikuwa na maradhi ya viungo, hawezi kushika mchi. Basi yule mtoto wa kulea watoto akaingizwa jikoni. Nasrin akikaa juu ya kiti na kusema, Mwanaharusi akikaanga na kutwanga. Miaka minane hivyo. Wale Wahindi walipohamia Dar es Salaam na kisha ng'ambo, walifunga mizigo yao yote mpaka misumari ya ukutani. Bizari ikabaki kwa Mwanaharusi.

Sikumpenda alipoolewa. Baba yetu alikuwa na biashara ya nazi na chumvi, jina lake lilijulikana mpaka Pangani, na Mrisho ndiye mtoto wake wa kiume peke yake. Nikasema, wanawake wote hawa wa mjini, mtu anakwenda kuchukua yaya wa Wahindi? Mrisho akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Akamleta katika nyumba ya baba, wakakaa upande wa uani, mie na marehemu mume wangu upande wa barabarani. Tulikaa hivyo miaka arobaini. Walizaa wawili, wote wakafa wachanga.

Mrisho alipopatwa na kisukari na kukatwa mguu, hakufanya kazi tena. Alilishwa na kinu cha mkewe. Na mie pia, nikisema kweli, mchuzi niliokula miaka yote ile ulitoka kwenye debe lake, na sikuwahi kumwambia kuwa ni mzuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi nzima anachagua kwenye ungo, anatoa mawe na vijiti. Hakuchanganya kitu kikiwa kibichi. Kila kitu peke yake kwenye kikaango kizito cha chuma, juu ya mkaa uliokwisha kupoa nusu. Giligilani kwanza, mpaka iwe rangi ya mchanga uliolowa. Kisha bizari nyembamba, ambayo haitaki kuachwa hata kidogo, mkono hautoki kwenye mwiko. Pilipili kavu zikiingia, mtaa mzima unapiga chafya. Majani ya mchuzi aliyakausha kivulini, siyo juani. Uwatu ukiingia wa mwisho, kiasi cha gao moja la mkono, kwa sababu uwatu ukizidi moto kwa muda wa kupenga kamasi tu, mchuzi wote unakuwa mchungu kama dawa. Hiliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga hakuvikaanga. Aliviweka kwenye kikaango kilichokwisha kuipuliwa, vipate joto lililobaki. Manjano aliyanunua mizizi, akayachemsha, akayaanika na kuyatwanga mwenyewe, maana yanayouzwa yamesagwa yana unga wa mahindi.

Na hakutazama. Unaweza kukaa naye anazungumza habari za watu, kakugeuzia uso wewe, ghafla anaipua. Alijua kwa pua. Akishatwanga alichekecha kwa mtandio wa zamani, makapi akayarudisha kinuni, kisha bizari ikalazwa siku tatu kwenye debe lililofungwa ndipo iuzwe.

"Ikitoka kinuni ina kelele," alikuwa akisema. "Iache inyamaze."

Mrisho alifariki tarehe tano Rajabu. Tukamzika, tukasoma hitima, na mie kwa kuwa ndiye dada mkubwa nikasimamia eda ya mjane wake. Miezi minne na siku kumi. Asitoke bila haja, asipake wanja wala hina, asivae cha kupendeza, asijitie manukato. Hayo kila mtu anayajua. Lakini mie nililelewa na bibi aliyefiwa na waume watatu, na bibi yangu katika eda zake aliondoshewa hata sabuni ya kunukia. Nikaona eda ya nyumba yetu haitakuwa chini ya hapo.

Siku ya nne nikaingia kwake.

"Mwanaharusi, kinu kinakuja upande wangu mpaka utoke."

"Kinu kimekosa nini, wifi?"

"Hiliki. Karafuu. Mdalasini. Hivyo vyote ni vya kunukia, na mwanamke wa eda hanukii."

"Mie sijipaki. Natwanga."

"Mikono yako inanukia mpaka Ijumaa ya pili. Nguo zako zinanukia. Mtu akipita dirishani atasema mke wa Mrisho kajifukiza, mume hata hajapoa kaburini."

Akavuta uzi kwenye pindo la mkeka. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Wifi, ndani ya miezi hiyo mna Shaabani na harusi zake. Mna vunja jungu. Mna Ramadhani yote, mna Iddi. Mji ukikosa bizari yangu wakati huo utatafuta pengine, na ukishapata pengine haurudi. Mie sina mtoto, na sasa sina mume. Nisipotwanga, nitarudi Mkange kwa kaka yangu nikalime mihogo na magoti haya."

"Utakula kwangu."

"Sijapata kula kwa mtu tangu nina miaka kumi na miwili."

"Basi utajifunza."

Nilisema hivyo. Nikaubeba mchi mwenyewe, na kinu nikakiviringisha kwa mguu mpaka upande wangu.

Siku chache baadaye akaja Mwishehe. Huyu ni mpishi wa shughuli, mtu mnene, hakuna harusi ya kuanzia hapa mpaka Kerege asiyosimamia sufuria zake, na bizari yote alinunua kwa Mwanaharusi. Ndiye aliyekuwa mteja hasa, wengine walikuwa wa kununua kwa vijiko.

"Hodi, Bi Tatu. Shikamoo."

"Marahaba, Mwishehe. Unahani mara ya tatu?"

"Nahani na kuomba. Nina harusi nne Shaabani hii. Na Mapinga kuna tajiri aliyeuza viwanja anaoza binti yake, kataka mchuzi wa kuku wa Kihindi wa watu mia sita. Bila bizari ile nitawapa maji ya manjano."

"Wape."

"Bi Tatu, watanitia mimi ndani ya sufuria!"

"Una nyama nyingi, watashiba."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika, na mie nikacheka. Kisha akafuta uso kwa kofia yake.

"Basi aseme tu, mtu mwingine atwange. Yeye asiguse."

"Mwanamke wa eda hapokei kazi."

"Mie si mtu wa chuo, Bi Tatu. Lakini hili umelisoma wapi?"

"Kwa bibi yangu, kabla hujazaliwa wewe na baba yako hajajua kufunga msuli."

Alikuwa na adabu Mwishehe. Akapaza sauti kuelekea ndani, "Bi Mwanaharusi, Mungu akupe subira!" Ikatoka sauti nyuma ya pazia, "Amin." Kesho yake akaenda Kariakoo akarudi na gunia la bizari iliyosagwa kwa mashine.

Shaabani ilikuwa imepita nusu pale lilipotokea la kikaango. Nilikuwa nimekwenda Kerege mazikoni, tukaambiwa maiti haijafika, maziko kesho. Nikarudi mapema. Tangu barazani nikaisikia giligilani. Nikapita ukumbini moja kwa moja mpaka uani.

Adila, jirani yetu wa ukuta wa pili, mwanamke mwenye watoto wake watatu, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko na mwiko mkononi. Mwanaharusi alikuwa chumbani, pazia limeshuka, dirisha wazi. Sauti yake inatoka.

"Punguza mkaa, Adila. Toa kipande kimoja. Bado. Bado. Koroga mpaka chini, kuna upande unakaa. Sasa! Mimina."

"Hata rangi haijageuka, dada."

"Rangi itageuka kwenye ungo. Mimina, nakwambia."

Adila akamimina, na kweli ikageuka kwenye ungo, mbele ya macho yangu. Nikasimama pale nimeona jambo ambalo hakuna mtu mwingine mji huu angeliweza, mtu nyuma ya pazia anakaanga kwa mkono wa mwenziwe. Nililiona. Na kadiri nilivyoliona ndivyo nilivyozidi kukasirika.

"Mwanaharusi!"

Adila akashtuka, mwiko ukaanguka. "Shikamoo, Bi Tatu."

"Mwanaharusi, nilisema nini?"

"Ulisema nisiguse, wifi. Sijagusa. Nasikia tu."

"Kusikia huko ndiko nilikokataza. Hewa yote ya nyumba hii inanuka harusi!"

"Hii ni ya kuuza vunja jungu tu. Kibaba kimoja, ili watu wasinisahau. Wifi, nakuomba. Nimekuomba mara ngapi kitu tangu nimeingia nyumba hii?"

Hakuwahi. Miaka arobaini hakuwahi kuniomba hata chumvi. Kama angenyamaza huenda ningegeuka nikaenda zangu. Lakini kuombwa mbele ya Adila, nionekane ninayeweza kulegea, hilo sikuliweza. Palikuwa na ndoo ya maji ya vyombo. Nikaichukua nikaimwaga juu ya jiko na kikaango. Chuma kikalia mlio mmoja mkubwa, mvuke na jivu vikatupanda usoni. Nikachukua maji yaliyobaki nikayamimina kwenye ungo, juu ya giligilani na bizari nyembamba na pilipili, na kwenye sahani ya hiliki aliyoinunua kwa pesa za rambirambi.

"Bi Tatu!" Adila akapiga kelele. "Hicho ni chakula!"

"Nenda kwenu."

Nilingoja Mwanaharusi anitukane. Nilikuwa na majibu tayari, ya Mkange, ya yaya, yote. Halafu akasema, sauti ileile aliyokuwa akiitumia kumwelekeza Adila:

"Nenda, mama. Lakini vifagie vile vipande vya mkaa kwanza, watu wasije wakakanyaga."

Maji yalipokauka nikaona kikaango kimepasuka toka ukingoni mpaka katikati.

Ikaingia Ramadhani. Mjini watu walifuturu kwa bizari za pakiti. Zilikuwa zinaning'inia kila duka, nyekundu na njano, mnyororo mnyororo. Mie kila alasiri nikienda msikitini kusikiliza darsa. Sisi wanawake tunakaa nyuma ya pazia, na mwenye swali anampitishia Mwalimu Abdulwahab karatasi. Ni kijana yule, lakini kasoma Unguja na kaongeza mbali zaidi, na hajibu kwa kubabaisha.

Ilikuwa tarehe nane. Mwalimu akasoma karatasi kwa sauti. Ilikuwa ya binti mmoja, anauliza mama yake aliye edani anaogopa kupika pilau kwa sababu ya harufu ya viungo, je, afanyeje?

"Apike," akasema Mwalimu. "Alichokatazwa mfiwa ni kujitia manukato, kitu cha mwilini na nguoni kwa ajili ya kupendeza. Hiliki, karafuu, mdalasini ni vyakula na dawa. Ama zafarani, hiyo wanavyuoni wameizungumza, aiache. Lakini hivi vingine apike, atwange, auze kama ndiyo kazi yake ya ndani. Dini haikumwekea mjane eda ili afe njaa."

Wanawake wenzangu wakaitikia, wakaendelea na mengine. Mie sikusikia tena. Nikahesabu kwa vidole chini ya buibui. Eda ilikuwa imebaki miezi miwili na wiki moja. Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Iddi bado, harusi za mfungo mosi bado. Nikitoka pale nikamwambia, kesho asubuhi kinu kinalia.

Nikatembea mpaka nyumbani na maneno yamekwisha kupangika. Wifi, Mwalimu kasema inafaa, kumbe nilikosea. Maneno sita. Nikamkuta anakuna nazi ya futari, kavaa kanga yake nyeupe, amekonda mabega. Tangu siku ya kikaango alikuwa akifanya kazi zote za jikoni kwangu bila kuambiwa, kama mtu anayelipa chakula chake. Kila siku nikirudi akiniuliza neno moja, na siku ile akauliza vilevile:

"Mwalimu kasemaje leo?"

"Kasema habari za zaka," nikasema.

Nimefunga. Kinywa kikavu. Nikasema uongo.

Nimejiuliza sana. Kama ni kutojua, nilikuwa nimekwishajua. Lakini ukisema inafaa, basi yale maji ya vyombo uliyamwaga juu ya chakula cha mjane bure. Kikaango kimepasuka bure. Adila atakuja kusimama uani na mikono kiunoni. Mwishehe atacheka. Na mie ni binti wa mtu ambaye jina lake lilijulikana mpaka Pangani. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho nikajiambia kumi la kati. Kumi la kati nikajiambia Iddi. Baadaye nikaanza kujiambia kwamba bado kidogo tu atoke, ya nini kumsumbua. Kila siku akaniuliza Mwalimu kasemaje, nami kila siku nikawa na la kusema. Siku sitini na saba nilikaa nalo.

Akatoka eda katikati ya mfungo pili. Nilimwosha mie, nikamvika doti mpya, nikamtolea kinu. Hakunung'unika. Kesho yake Adila akamletea kikaango chake mwenyewe, akakipitisha mbele yangu bila kunisalimu. Mwanaharusi akakaanga, akatwanga, akachekecha, akailaza siku tatu. Siku ya nne akakaa barazani na debe lake.

Mwishehe alikuja, hakukawia. Alikaa naye chini, akavua kofia.

"Bi Mwanaharusi, nisamehe. Nitachukua kibaba kimoja cha nyumbani kwangu."

"Na shughuli?"

"Shughuli nishafunga mkataba na wale wa gunia. Ni rahisi. Na hakuna kungoja siku tatu."

Mwanaharusi akachovya kidole kwenye ile bizari ya gunia Mwishehe aliyomletea kwenye karatasi, akaiweka ulimini.

"Haina uwatu."

"Haina."

"Giligilani haikukaangwa. Na unga upo."

"Najua, mama. Lakini wanaokula hawajui."

Hapo ndipo nilipomwona Mwanaharusi amezeeka. Wakati wa msiba hakuzeeka, wala edani. Ni pale, aliposikia kuwa wanaokula hawajui. Wateja wa vijiko walipita wachache, kila mmoja na udhuru wake, pakiti ni ya karibu, watoto wameizoea, haina pilipili nyingi. Wiki ya pili akaigawa bizari yote iliyobaki, nyumba kwa nyumba, vikombe vikombe, mpaka debe likawa tupu. Akafunga nguo zake.

Nikasimama mlangoni. "Unakwenda wapi? Nilikwishakwambia utakula kwangu."

"Nimekula miezi minne na siku kumi, wifi. Nimeshiba."

Kaka yake Mikidadi akaja kumchukua kwa pikipiki ya kukodi, begi mbele, yeye nyuma, magoti hayakunjiki vizuri. Nilitaka kusema pale. Mtaa mzima ulikuwa nje unamuaga. Sikusema.

Mwaka ukazunguka. Ramadhani nyingine ikaja na darsa zake, na mie sikuweza kukaa nyuma ya lile pazia. Ilipokwisha nikanunua kilo tano za sukari na doti ya kanga, nikaenda Mkange. Miaka sabini na nne, sijawahi kwenda kwao. Miaka yote arobaini ya wifi yangu, sijawahi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya Mikidadi, kanyoosha miguu juu ya gunia, anakata mihogo ya kuanika makopa. Alikuwa akikohoa. Mikono yake imepasuka na kuingia udongo. Aliponiona hakushangaa.

"Karibu, wifi. U mzima? Bagamoyo hawajambo?"

"Hawajambo. Mwanaharusi, nina neno."

"Kunywa maji kwanza."

Nikanywa. Mie sijapiga magoti kwa mtu, ila siku ile nilikikataa kiti nikakaa chini pamoja naye, kwenye maganda ya mihogo. Nikamwambia yote. Kwamba hiliki haikukatazwa. Kwamba karafuu haikukatazwa. Kwamba Mwalimu alisema atwange na auze.

Akaendelea kukata. "Ulilijua lini hilo?"

Hapo palikuwa na uongo mwingine, uko tayari, mzuri. Ningesema juzi. Nani angemwambia?

"Ramadhani ile. Tarehe nane."

Kisu kikasimama.

"Tarehe nane. Siku uliyosema kafundisha zaka."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuna nazi."

"Ndiyo."

Akatazama ile mihogo kwa muda mrefu. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akifagia, nikasikia ufagio ukienda na kurudi. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Kabla ya hapo ulikuwa hujui," akasema mwishowe. "Kikaango na maji yale, hayo nilikwisha kuyafuta, nilisema wifi anamlilia nduguye kwa njia yake. Nilikuwa nikikuombea, unajua? Kila sala. Sasa unaniletea hili."

"Niwie radhi, Mwanaharusi. Turudi nyumbani. Nitanunua kikaango, nitakaa mie barazani niuze. Nitamwambia kila anayepita."

"Utamuuzia nani? Wanaokula hawajui." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkata. "Kwa Mungu nimekusamehe, wifi, sitaki kusimama nawe siku ile tukidaiana. Lakini nyumba ile sirudi. Na sukari yako rudi nayo, hapa tunakunywa uji wa chumvi."

Nilirudi nayo. Kilo tano, mapajani, njia nzima.

Tangu siku ile nimekuwa nikimwambia kila mtu, kama nilivyosema nitamwambia. Nimemwambia Mwishehe. Nimemwambia Adila, akanitazama, akaingia ndani kwake akafunga mlango. Nimemwomba Mwalimu Abdulwahab alisome lile swali tena kwa wanawake, na nikasimama nikasema ni nani aliyelikosea. Hayo yalikuwa magumu, lakini hayakumtoa Mwanaharusi kwenye mihogo.

Masika ya mwaka huu Mikidadi akapiga simu. Alisalimu vizuri, akauliza hali, akaniuliza magoti yangu. Kisha akasema dada yake alifariki juzi alfajiri, kifua, na wamemzika siku ileile.

Mie ndiye niliyemfulia Mrisho nguo zake za mwisho, ndiye niliyemwosha Mwanaharusi alipotoka eda. Maiti za kike za nyumba yetu zote zimepita mikononi mwangu.

"Juzi?" nikasema. "Mbona hamkuniita nije kumwosha?"

Nikasikia mvua ikipiga bati upande wake.

"Alituambia mwenyewe, Bi Tatu. Alisema wifi aambiwe, lakini aambiwe tukishamaliza."

Nikamwambia sawa. Nikamshukuru kwa kunipigia.